Kisiwa cha Mkwe Mwenzangu

Nimezaliwa Masumbwe, nikaolewa na kuzeekea Shinyanga, na maji makubwa niliyokuwa nimeyaona mpaka nywele zangu zinaanza mvi ni ya Ziwa Victoria, tena nikiwa nimekaa katikati ya kivuko nikiangalia miguu yangu. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba likizo ya mwezi wa nane tutakwenda wote nyumbani kwao mumewe, kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, nilikubali kwa mdomo, lakini tumbo lilikataa palepale.

Mkwe wangu ni Mgiriki. Alikuja Geita kufanya kazi ya uhandisi katika mgodi mmoja mkubwa, na binti yangu alikuwa maabara ya mgodi huohuo, ndipo walipojuana. Ni kijana mpole. Siku aliyokuja kujitambulisha nyumbani kwangu Kambarage, pale Shinyanga mjini, aliniamkia shikamoo ameinama mpaka nikaona utosi wake, akala ugali kwa mkono, na alipoambiwa kwamba kwa Wasukuma mkwe hakai mkeka mmoja na mama mkwe wake, alisogeza kiti chake mpaka mlangoni bila kuuliza sababu. Tangu siku ile sikuwa na neno naye.

Kilichonitisha ni bahari. Nina banda la cherehani, na pale bandani pana televisheni ndogo ambayo wateja huitazama wakisubiri nguo zao. Tumeona mara nyingi boti zilizojaa vijana weusi zikipinduka katika bahari za huko. Tumeona watu wamelazwa ufukweni wamefunikwa. Jirani yangu anayekaanga mihogo mbele ya banda aliniuliza taratibu, kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa, kama bahari nitakayovuka ni ileile. Nikampigia binti simu nimuulize.

"Ni ileile, Mama," akasema, "ila sisi tutapanda meli ya abiria, na tiketi tunazo."

Jibu lile halikunisaidia. Bahari haisomi tiketi.

Ndege sitaizungumzia sana. Tuliondokea Mwanza, tukabadilisha mara kadhaa, na njia nzima nilikaa nimefumba macho nikisema Zaburi ninazozijua, na zilipokwisha nikazirudia. Tulipofika Athens tukaenda bandarini kupanda meli. Mkwe wangu alikwenda kununua maji. Hapo walikuja askari wawili, wakapita katikati ya watu wote waliokuwa kwenye foleni, Wazungu wenye kofia na mabegi ya mgongoni, wakaja kusimama mbele yangu na binti yangu. Walitaka karatasi. Binti akatoa pasipoti zetu na kujibu kwa Kiingereza, na mmoja wao alizifunua kurasa polepole, akinitazama usoni, akiangalia tena picha, akinitazama tena. Nilikuwa nimejifunga kitenge kizuri na nimevaa viatu vipya, lakini nilijiona kama mtu aliyekutwa na ng'ombe wa wizi. Niliwaza kwamba wakituweka mahali, nani nyumbani atajua tuko wapi. Mkwe wangu aliporudi alisema nao kwa lugha yao, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo Geita wala Kambarage. Wakaturudishia pasipoti. Hakunitafsiria walichosema, nami sikuuliza. Alifungua chupa ya maji akanipa mimi kwanza.

Ndani ya meli nilitapika mpaka tumbo likabaki tupu. Kila ilipoegemea upande, nilishika chuma cha kiti kwa mikono yote miwili. Mtoto wa Kigiriki alinitazama kwa muda mrefu, kisha mama yake akamgeuza kichwa.

Kisiwa chenyewe kilinishangaza kwa ukavu wake. Nilitegemea miti, nikakuta mawe. Mawe juu ya mawe, na vichaka vya miiba, kama vilima vyetu mwezi wa tisa kabla ya mvua, na mbuzi wanapanda huko juu wamevishwa kengele. Mbuzi wale walinipa moyo. Nyumba ni nyeupe, zimebebana mlimani kutoka gatini kwenda juu, na ya kina mkwe wangu iko chini kabisa, karibu na maji. Ukitoka uani unashuka ngazi za mawe, unafika kwenye kigati kidogo ambacho mjomba wake alikuwa anafunga boti yake.

Mama yake alitupokea mlangoni. Mwanamke mfupi, mwenye mikono migumu kama yangu, amevaa gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, soksi nyeusi katika joto lile. Moyo ukanipasuka. Nilimshika mikono yote miwili nikaanza kumpa pole ya msiba kwa Kiswahili, machozi yakinilenga, mpaka binti akanivuta pembeni. Alinieleza kwamba hakuna aliyefariki siku zile. Mumewe mama yule alikuwa mvuvi, na bahari ilimchukua wakati mkwe wangu anasoma shule ya msingi. Tangu hapo hajavua nyeusi, na wajane wengi wazee wa kisiwani hufanya hivyo.

Mimi pia ni mjane, ila nguo za matanga nilikwisha kuzivua. Nilimtazama mkwe mwenzangu kwa macho mengine baada ya hapo. Hatukuwa na neno la pamoja isipokuwa moja, kwa sababu mama kwao ni mama. Basi yeye aliniita Mama nami nikamwita Mama, na kwa neno hilo moja tulichambua maharage, tukafua, tukaanika, na jioni tukakaa ukutani kila mmoja akisema kwa lugha yake na mwenzake akiitikia kwa kichwa.

Lakini usingizi sikuupata vizuri. Bahari ilikuwa inapiga chini ya dirisha. Mchana watu walikwenda kuogelea, na hilo nalo lilikuwa jaribu kwangu, kwa maana wanaume wa huko huogelea na kijikaptura tu. Mimi nimwone mkwe wangu kifua wazi? Afadhali nipofuke. Kwa hiyo wao wakienda ufukweni mimi nilibaki nyumbani na mkwe mwenzangu, na ndivyo ilivyokuwa siku ninayotaka kuisimulia.

Asubuhi ile walipanga kwenda kijiji cha juu kwa pikipiki kumsalimia shangazi yake mkwe. Walimwambia mama yake, naye akakubali, akachukua ndoo na matambara, akaenda kanisani. Tangu jana yake niliona wanawake wakienda kanisani na ndoo, nikadhani ni zamu ya usafi tu. Alipokwisha kuondoka, binti yangu akarudi uani mbio kuchukua kofia.

"Mama, tumebadilisha," akaniambia kwa Kiswahili, amesimama kwenye ngazi. "Kwa shangazi tutakwenda kesho. Leo tunachukua boti ya mjomba, tunafika pale kwenye kile kisiwa chenye kanisa dogo, tunaogelea, saa nane tumerudi."

Nilimuuliza habari za upepo. Akanionyesha maji kwa mkono, akasema nitazame mwenyewe, bahari imelala. Ni kweli ilikuwa imelala. Simu yake aliiacha mezani ili isilowe. Nilisimama juu ya ngazi nikaisikiliza ile mashine ya boti mpaka ikapotea.

Upepo ulikuja kabla ya adhuhuri. Haukuja na wingu wala mvua, na hilo ndilo lililonitisha, kwa sababu kwetu upepo mkali hutanguliwa na vumbi na giza, unapata muda wa kuanua nguo. Huu ulikuja na jua lake na anga la buluu. Mlango wa jikoni ulijipiga. Shuka nilizoanika zikang'oka kambani. Nilipotazama baharini, maji yaliyokuwa yamelala yalikuwa yamejaa mistari myeupe mpaka mwisho wa macho, na kile kisiwa chenye kanisa kilikuwa kinazungukwa na povu.

Mkwe mwenzangu aliporudi kutoka kanisani nilimkimbilia. Nilimwonyesha bahari. Nikamwambia boti, nikataja jina la binti yangu, nikataja jina la mwanawe, nikaonyesha tena bahari, nikafanya kwa mikono namna boti inavyopanda na kushuka. Alinisikiliza kwa makini sana. Kisha akanihurumia. Alikuwa amesimuliwa jinsi nilivyotapika melini, na jinsi ninavyoogopa maji, naye akaelewa kwamba naogopa upepo. Alinipapasa mgongo, akanikalisha jikoni, akanichemshia majani yanayonukia, na ili nisione bahari akafunga mbao za dirisha moja baada ya jingine.

Sijui kama naweza kueleza woga wa mtu anayehurumiwa kwa jambo ambalo silo. Nilifungua dirisha, akalifunga. Nikamletea simu ya binti yangu, imefungwa kwa namba nisizozijua. Akaitazama, akaiweka juu ya kabati mahali salama. Yangu ilikuwa na laini ya nyumbani ambayo huko haikufanya kitu. Yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupokea tu. Nikasema tena boti. Akasema neno lake la kutuliza, lile analowaambia mbuzi. Halafu akanionyesha mlima, akafanya kwa mikono kama mtu anayeendesha pikipiki, akatabasamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye anajua watoto wetu wako juu, nchi kavu, kwa shangazi, wanakula.

Saa nane ikafika, ikapita.

Nilitoka nikakaa ukutani nikitazama maji. Macho yaliniuma kwa chumvi. Nikiwa pale nikasikia sauti nyuma yangu, nikageuka. Wanawake wawili walikuwa wanashuka kutoka juu wamebeba viti vya mbao. Wakaviweka uani. Nyuma yao wakaja wengine na viti vingine, halafu mzee na meza, halafu vijana wamebeba sufuria kubwa kwa masikio yake. Mbuzi aliyechinjwa aliletwa kwenye beseni. Wanawake wote wazee walikuwa wamevaa nyeusi. Walipopita mbele yangu waliinamisha kichwa, na mmoja akanishika bega.

Hapa lazima nieleze jambo la Mwakitolyo.

Baba wa binti yangu alikuwa mkulima wa pamba, na kiangazi akienda machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo kama wenzake. Mwaka mmoja mvua za kwanza ziliwakuta bado wamo chini, na duara, yaani shimo lao, likatitia. Nilipopata habari nilimfunga binti mgongoni nikaenda. Wake wa wachimbaji tulikalishwa chini ya turubai, kwenye udongo, na kila baada ya muda mtu alikuja kutuambia maneno mazuri. Walisema wamemsikia mume wangu akigonga. Walisema kamba imecheza. Mimi niliamini, kwa sababu aliyeyasema alikuwa ananitazama usoni. Kisha nikaona viti vinaletwa. Watu niliowafahamu walikuwa wanatoka vibandani na viti, na sufuria, na gunia la mchele, na hawakutuangalia. Mtu husubiri habari amekaa chini. Viti vikianza kuletwa, jua habari imeshafika, inatafuta tu mdomo wa kuisema. Mimi nilijua kwa viti kabla hajaja mwenyekiti wa machimbo.

Basi pale uani kwa mkwe mwenzangu, nilipoona viti, na sufuria, na nyama, na nyeusi, nilielewa kila kitu. Wamewapata. Wanajua, na hawana lugha ya kuniambia. Ndiyo maana nilifungiwa madirisha. Ndiyo maana nilipewa dawa ya majani ninywe.

Sikupiga kelele mara moja. Nilivua viatu. Nikafungua kitambaa changu cha kichwa, nikajifunga kiunoni, nikakaa chini kwenye mawe ya ua. Halafu sauti ikatoka yenyewe, na ilitoka kwa Kisukuma, lugha ambayo nimewalilia nayo watu wangu tangu utoto. Nilimwita ng'wana wane, mwanangu, nikamwambia ameniacha nchi isiyo na ndugu, nitamfikishaje Shinyanga, nitawaambia nini wajomba zake. Nilijipiga kifua. Nililia kilio chote cha kwetu, pamoja na kile ambacho nadhani sikumaliza Mwakitolyo.

Wanawake walisimama na viti mikononi. Hakuna aliyelia nami. Kwetu ukianza kilio, aliye karibu hukipokea, hata kama hamjuani, na mimi niliendelea nikingoja mtu akipokee, lakini ua ulikuwa kimya, upepo tu. Nikainua uso. Mkwe mwenzangu alikuwa ametoka jikoni, ameshika mwiko, mikono ina unga. Nilimtazama sana usoni. Nimeona nyuso za wafiwa, nami nimewahi kuwa mmoja wao. Uso wake haukuwa wa mfiwa. Ulikuwa uso wa mtu anayeona mgeni wake amerukwa na akili.

Hapo nikaelewa upya. Hawajui. Hawa hawajui kitu. Viti hivi ni vya jambo jingine, na watoto wako majini, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwatafuta.

Niliinuka, nikamshika mkono, nikamvuta. Alikataa kidogo, nikamvuta kwa nguvu, mwiko ukaanguka. Tulishuka zile ngazi za mawe mimi miguu peku, yeye anaongea, wanawake wakitufuata. Kwenye kigati nikamwonyesha mahali boti ya kaka yake ilipokuwa ikifungwa. Palikuwa na pete ya chuma tu, maji yanaipanda na kuiacha. Nikaonyesha pete. Nikataja jina la mwanawe, nikataja la binti yangu. Nikanyoosha mkono kwenye kile kisiwa chenye povu.

Aliitazama pete kwa kitambo. Halafu akasema jina la mwanawe kwa sauti ndogo sana, akanigeukia, na sasa uso wake ulikuwa kama wangu.

Yeye ndiye aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alipanda ngazi anakimbia, na muda si muda kengele ya kanisa ikaanza kulia, haraka haraka, na wanaume wakawa wanashuka kutoka kila njia, wengine na mashati ya sikukuu. Mjomba alikuja, mzee mwenye masharubu meupe, akatazama kigati mara moja tu, hakuuliza. Waliingia kwenye boti kubwa ya uvuvi, wakatoka nje ya gati, na nikaiona ile boti kubwa ikisimama wima juu ya wimbi la kwanza, ikaanguka, ikasimama tena.

Tulibaki gatini. Sitasema tulingoja saa ngapi, sikuwa na akili ya saa. Mkwe mwenzangu alisimama muda wote, akanikatalia nisikae. Kila nilipotaka kukaa alinishika kwapa akaniinua. Nilijua sababu, ingawa hakuniambia: alikwisha kusimama pale zamani akimngojea mume, kama mimi nilivyokaa chini ya lile turubai. Alikuwa akisema sala yake, mimi nikisema yangu, na wakati fulani nikagundua tumeshikana mikono kwa nguvu mpaka vidole vimekufa ganzi. Sikumwomba Mungu mambo makubwa. Nilimwomba tu asilete mtu mwenye maneno mazuri.

Boti ilirudi jua likiwa limeelekea mlimani. Nilihesabu vichwa, vikachanganyika. Mawimbi yalivificha, nikaanza upya. Kisha nikaona kitu cha njano, na binti yangu ndiye aliyekuwa na nguo ya njano.

Mashine ya ile boti ndogo ilizimika wakiwa njiani kurudi. Upepo uliwasukuma kwenye majabali ya kisiwa kile, boti ikapasuka, nao wakaogelea mpaka kwenye ufa wa mwamba, wakajibana humo mawimbi yakiwapiga. Mkwe wangu alikuwa amemkinga binti kwa mgongo wake, na mgongo ule ulichunika wote. Mjomba alisema, kama nilivyotafsiriwa baadaye, kwamba mawimbi yalikuwa yanazidi kupanda na nafasi ilikuwa inakwisha. Hakusema zaidi.

Walipomshusha gatini, binti yangu alikuwa na chumvi nyeupe kwenye nyusi, meno yanagongana. Alinitazama miguu, akaona sina viatu, akatazama kichwa, akaona sina kitambaa, na kitambaa kiko kiunoni.

"Mama," akasema, "umenililia?"

Nikamwambia ndiyo. Akaanza kulia yeye. Mkwe wangu alikuwa nyuma yake, kifua wazi, anatoka damu, akitafuta pa kujificha nisimwone hata katika hali ile. Nilifungua kitenge changu cha juu nikamfunika mabegani mimi mwenyewe.

Viti vilikuwa vya sikukuu. Kanisani kwetu hatuna sikukuu za watakatifu, lakini wao kila kanisa lina mtakatifu wake, na siku yake ikifika kisiwa kizima hula pamoja, na mwaka ule zamu ya kupika ilikuwa kwa mkwe mwenzangu. Binti alidhani mumewe amenieleza, mumewe alidhani binti amenieleza. Sikukuu haikuahirishwa. Watu walikula mbuzi yule na kupiga muziki, taratibu mwanzoni, na walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Mzee mmoja aliniwekea kiti mbele ya wote. Sikuweza kukikalia. Nilikwenda kukaa mkekani chumbani, binti yangu amelala, mkono wangu juu ya mbavu zake nikizisikia zinapanda na kushuka.

Siku zilizobaki hatukwenda popote. Nilikuwa nashtuka mlango ukijipiga. Kurudi Athens kwa meli nilirudi, kwa kuwa njia nyingine haikuwepo, na nilitetemeka kuliko mara ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza niliogopa nisichokijua.

Nilidhani woga umeishia huko. Nilipofika nyumbani nikamsimulia dada yangu aliyeko Masumbwe, kwa simu, naye akanirudisha nyuma nisimulie tena habari ya uani. Kisha akauliza kama kweli nilimlilia mtoto aliye hai, kwa jina lake, nimekaa chini na kitambaa kiunoni. Nikasema kweli. Akaniambia nimlete.

Tulikwenda mimi na binti. Njia nzima kutoka Shinyanga sikusema naye mengi. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nimelelewa na bibi, na najua jambo hilo kwa wazee linaitwa kuita kifo kwa jina. Usiku wote uliotangulia nilikuwa nimewaza kwamba bahari ilishindwa, halafu mimi mwenyewe ndiye nimemwonyesha kifo mlango. Binti yangu, msomi wa maabara, hakucheka. Alikuwa anatazama mashamba makavu ya mahindi nje, ameshika tumbo lake, na nilipomtazama vizuri nikaelewa jambo ambalo alikuwa bado hajaniambia. Woga ukaongezeka maradufu.

Dada alitukalisha kwenye kigoda kimoja, migongo imegusana, jua la asubuhi linatupiga. Alinyunyiza maji yenye unga vichwani mwetu, akasema maneno ya bibi yetu niliyokuwa nimeyasahau, kisha, kwa kuwa naye ni mtu wa kanisa, akasali. Alipomaliza akamwambia binti ageuke anitazame.

"Huyu amekulilia kilio chako chote," akamwambia. "Hana kingine. Sasa ni zamu yako umzike yeye, akizeeka."

Binti akaitikia. Dada akaenda jikoni kusonga ugali, akatuacha pale. Tukabaki tumekaa, maji ya unga yanatukaukia usoni, na binti akaniambia habari ya mtoto, ya miezi, na kwamba mkwe mwenzangu anataka kuja Geita awepo yeye binti atakapojifungua. Anaogopa sana ndege, akasema. Anauliza kama Mama atakwenda kumpokea Mwanza.

Nikamwambia nitakwenda.